Uchawi usio na gharama ni hitilafu

Wiki kadhaa sijaandika lolote hapa, niwieni radhi. Mchana kazi ilinibana, na jioni nilikuwa naandika kitu ambacho si programu: kanuni za uchawi za mchezo tunaoucheza mezani kwangu kila Jumamosi. Kwa wasioujua mchezo wa aina hii, kila mtu anaigiza mhusika wake, mmoja wetu anasimulia na kuamua, na dadu ndizo zinazosema kama umefaulu. Hauhitaji tarakilishi. Penseli, karatasi na chai vinatosha.

Kanuni zangu za kwanza zilikuwa mbovu. Nilimpa mchawi pointi 20 za nguvu, na tamko la kupaa likawa linamgharimu pointi 1 tu. Baada ya vikao vitatu hakukuwa tena na ukuta, mto wala shimo la kumsumbua. Mwenzetu aliyeigiza askari alikaa saa mbili nzima bila kurusha dadu. Kikao cha nne akasema ana kazi. Cha tano vilevile. Nikaelewa: hakuwa na kazi nyingine yoyote, ila mimi ndiye niliyemnyima kazi mezani.

Nikarudi kuwasoma waliotutangulia. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, uliazima wazo kutoka kwa hadithi za Jack Vance: mchawi anahifadhi matamko machache kichwani, na akishalitumia moja linafutika mpaka alihifadhi upya. Wengi hulicheka wazo hili. Sisi waandishi wa programu tusilicheke, kwani hiyo ni kumbukumbu yenye ukubwa maalum. Asubuhi unachagua utakachobeba, na ukichagua vibaya utajuta jioni.

Ars Magica wa mwaka 1987 ulipita njia nyingine. Una vitenzi 5 (kuumba, kutambua, kubadili, kuharibu, kutawala) na nomino 10 kama moto, maji, mwili na akili. Unganisha kitenzi na nomino, upate aina 50 za uchawi. Hiyo ni lugha ya programu kabisa! Nao Shadowrun wa mwaka 1989 humtoza mchawi mwili wake: kila tamko humchosha, na akizidisha anaweza kuanguka na kuzirai.

Njia tatu tofauti, lakini zote zinadai malipo. Ndiyo maana nasema tunaobuni uchawi tunakosea tunapoanza na orodha ya maajabu. Anza na maswali matatu. Mchawi analipa nini? Ni nini hawezi kabisa? Na wakati anafanya mambo yake, asiye mchawi atafanya nini? Swali la tatu ndilo nililolisahau, na ndilo lililonipotezea mchezaji.

Wapo watakaosema kanuni nyingi huua maajabu. Katika riwaya huenda, maana mwandishi peke yake ndiye anayeamua. Mezani mchezaji anataka kujua anaweza kujaribu nini kabla hajarusha dadu. Wengine watasema basi mpe kila mtu nguvu sawa. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, mwaka 2008, liliwapa wahusika wote nguvu zenye muundo mmoja, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba askari na mchawi wanafanana mno. Kuwa na kazi si lazima iwe kazi ileile.

Nimerekebisha kanuni zangu hivi: anayepaa hupaa peke yake, hawezi kutamka kingine mpaka atue, na akitua mikono inamtetemeka. Akifika ng'ambo ya mto yuko peke yake na adui zake. Anahitaji mtu wa kuvuka kwa kamba na upanga, upesi.

Ukitaka kuchungulia kanuni zilizokomaa kabla ya kubuni zako, kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziliachiliwa mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Unaweza kuzisoma, kuzikarabati na kuzitumia bure, mradi utaje zilikotoka.

Nimempigia simu mwenzetu nikamweleza kuhusu mto. Amesema Jumamosi hii hana kazi.