Msongo wa mjamzito hauna dawa kwenye kopo

Jamani, kuna biashara hapa mjini imenichosha. Ukifungua simu, ukienda ibadani, ukikaa ofisini mchana, hukosi mtu anayeuza kopo la virutubisho vya wajawazito. Zamani kopo lilikuwa linaongeza damu na kumfanya mtoto awe na akili. Siku hizi ahadi imeongezeka: eti linaondoa na msongo wa mawazo. Mama anameza viwili asubuhi, viwili jioni, anatulia. Bei ni elfu themanini, au laki na ushee, inategemea umevaaje siku hiyo.

Nisieleweke vibaya. Sipingi vidonge. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba asidi ya foliki, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au tatizo la aina hiyo, ilipunguza uwezekano wa tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za foliki. Ndiyo ile FEFO ya kliniki, ambayo kwa sera yetu hailipiwi kwenye vituo vya umma. Kumbe dawa yenye ushahidi ni ya bure na tunaidharau, isiyo na ushahidi ni laki na tunaikopea!

Halafu kuna suala la muda. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Wengi siku hiyo hata hawajajua kama wana mimba. Sasa anayekuuzia foliki ya "kujenga ubongo" mwezi wa sita anajenga nini?

Hata multivitamini zilizopimwa hapa hapa Dar es Salaam kwa wanawake 8,468 wasio na VVU zilileta faida yenye mipaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopewa vitamini, na asilimia 9.4 kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu. Ni faida, naikubali. Lakini watoto njiti na vifo vya tumboni havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Na hao ni wanasayansi, si jirani yako mwenye kopo.

Turudi kwenye msongo, maana hapo ndipo penye utapeli hasa. Msongo wa mjamzito si deko. Januari 1998 dhoruba ya barafu ilikata umeme Quebec, Canada, kwa wiki kadhaa kwenye baadhi ya maeneo. Watafiti wakawafuatilia wanawake waliokuwa na mimba wakati huo, na watoto wa wale waliotaabika zaidi walikuwa nyuma kidogo kwa lugha na uelewa walipofika miaka miwili. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Sasa niambie, barafu ya dada zetu hapa Dar ni nini? Ni mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ni kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala huku vijana waliokaa wanajifanya wamelala. Ni mawifi wanaouliza kama safari hii ni wa kiume. Ni mume, tena msomi mwenzangu mwenye digrii, anayenunua kopo la laki ili asiulizwe kwa nini anarudi saa saba usiku. Kopo limekuwa risiti ya kuonyesha kwamba amejali.

Na baya zaidi, makopo mengine ya "kutuliza" yana ashwagandha, mmea ambao taasisi ya afya ya Marekani inayoshughulikia tiba mbadala inasema mjamzito auepuke. Mengine yana vitamini A nyingi, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Soma kibandiko. Kama hakisomeki, au hakitaji kiasi, mrudishie mwenyewe.

Mabosi nao wasijifiche. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inakataza kumpa mjamzito kazi ya kuhatarisha afya yake. Baba naye ana siku zisizopungua tatu. Nawajua wanaume waliozitumia siku hizo kupokea pongezi baa.

Nimewauliza wauzaji watatu kopo lao linamtulizaje mama ambaye mwajiri amemtishia kutomwongezea mkataba kwa sababu ya tumbo. Wawili walinipa kipeperushi. Wa tatu aliniuliza kama nami ningependa kuwa wakala.