Mashine zipo Eldoret, pamba iko wapi?

MKAZI wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret anayetafuta shati la kwendea kazini aghalabu huwa na njia mbili: mtumba uliovaliwa kwanza Ulaya au Marekani, au nguo mpya ya bei nafuu kutoka China. Uwezekano kwamba atavaa kitambaa kilichofumwa mjini humo humo ni mdogo mno. Hali hii inashangaza ikikumbukwa kwamba Eldoret ni mji uliojengewa kiwanda cha Rivatex katikati ya miaka ya 1970, mahususi kwa ajili ya kusokota nyuzi, kufuma na kutia rangi vitambaa vya pamba.

Lawama zote hutupiwa mitumba. Historia ya mavazi katika eneo hili yaonyesha kwamba lawama hizo ni za haraka.

Pwani ya Afrika Mashariki ilifuma nguo zake kwa karne nyingi. Wachimbuzi wa mabaki ya kale huko Kilwa walipata vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi, naye msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vya mji huo vilipelekwa hadi Misri. Bara, wakazi wa nyanda za Uasin Gishu walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe walizozilainisha wenyewe. Nguo za Gujarati nazo zilikuwa zikivuka bahari tangu zamani, lakini hazikuua ufumaji wa pwani kwa siku moja.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, ambacho wenyeji walikiita merikani. Kilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na wapagazi walikibeba vichwani hadi ndani ya bara. Mzigo wa namna hiyo uliitwa mtumba. Neno hili lina umri mkubwa kuliko biashara tunayoijua leo. Pamba iliyofumiwa merikani ilivunwa na watumwa wenye asili ya Afrika kusini mwa Marekani, kama ilivyokuwa awali katika visiwa vile vya Karibi ambavyo jina lake limebandikwa kwenye mtaa wa Eldoret. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi huo, nafasi ilipatikana kwa washindani, na hatimaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Mvaaji hakuulizwa maoni yake.

Baada ya uhuru, Kenya ilijaribu kujivisha yenyewe. Serikali ilizuia nguo za kigeni kwa ushuru na vibali, viwanda vikachipuka Kisumu, Nanyuki, Thika na Eldoret. Mji huu ulipata pia viwanda vya sufu na mablanketi, bidhaa zilizofaa baridi yake. Zao la pamba lilifikia kilele katikati ya miaka ya 1980, takriban marobota 70,000 kwa mwaka.

Miaka kumi baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka hadi marobota 20,000 hivi. Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Mitumba iliruhusiwa kuingia kwa wingi soko lilipofunguliwa mapema miaka ya 1990, lakini kufikia wakati huo mkulima alikwisha kuchoka. Alipeleka pamba yake kupitia vyama vya ushirika na bodi ya serikali, kisha akasubiri malipo kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya msimu mzima. Wengi waling'oa pamba wakapanda kitu kingine. Viwanda vilivyozoea kulindwa, vyenye mashine kuukuu na madeni, vilikabiliana na ushindani wa nje bila malighafi ya kutosha nyumbani. Rivatex iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2000.

Chuo Kikuu cha Moi, ambacho hufundisha uhandisi wa nguo, kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007. Mkopo wa takriban dola milioni 30 kutoka India ulileta mitambo mipya, na Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya Juni 2019. Desemba mwaka huo baraza la mawaziri liliidhinisha ukuzaji wa pamba ya Bt, iliyobadilishwa jeni ili kustahimili viwavi. Kwa mara nyingine fedha nyingi zilikuwa zimeelekezwa kwenye mashine na mbegu, ilhali swali la nani atamlipa mkulima, na lini, lilibaki palepale.

Wanaotaka mitumba ipigwe marufuku nao wana la kujifunza. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na Kenya, iliyokuwa ikiuza nguo Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, ikajiondoa katika mpango huo upesi. Rwanda ilishikilia msimamo. Mwaka 2018 ikasimamishwa kunufaika na AGOA kwa upande wa nguo. Kinaya ni kwamba sehemu kubwa ya nguo ambazo Kenya iliogopa kuzikosea soko zilishonwa kwa vitambaa kutoka Asia. Kazi ya cherehani ilikuwa ya Wakenya, pamba haikuwa yao.

Marufuku pia ingemwangukia kwanza mchuuzi wa Eldoret na mzazi anayenunulia watoto sweta za Julai. Mwaka 2020, uingizaji wa mitumba uliposimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, viwanda vya humu nchini havikuweza kujaza pengo hilo.

Soko ambalo serikali inaweza kulishika bila kugombana na yeyote ni lile inalolilipia yenyewe: sare za askari, shuka za hospitali, magwanda ya vijana wa huduma kwa taifa. Zabuni ya miaka mitano yenye sharti la pamba ya Kenya ingempa msimamizi wa kiwanda ujasiri wa kutia saini mkataba na mkulima kabla ya mbegu kuingia udongoni.

Mkulima huyo hayuko Uasin Gishu, kwenye baridi na mahindi. Yuko chini katika bonde la Kerio, huko Baringo, au magharibi katika Busia, Siaya na Homa Bay. Kerio ana maembe na ndengu. Mwenye lori huyafuata hadi shambani na kulipa taslimu, hata kama bei yake ni ya kupunja, na pamba italazimika kushindana na noti hizo.