Niuzie mabawa, usiniuzie helikopta

Pita katikati ya jiji la Nairobi jioni, saa zile wachuuzi wanatandaza bidhaa huku jicho moja likiwatafuta kanjo. Hutakosa kumwona jamaa anayerusha juu kidude chenye taa ya buluu. Anakivuta kwa ruba, kinapaa, kisha kinashuka polepole kikizunguka. Watoto wanasimama. Wazazi nao wanasimama, ila wao hujifanya wanasoma ujumbe kwenye simu. Bei haiumi, kwa hivyo unanunua.

Kesho yake kiko juu ya paa la jirani, au bawa moja limekunjika. Kwisha habari. Huwezi kukifungua, huwezi kubadilisha bawa, huwezi hata kujua kwa nini kilikuwa kinaruka. Mtoto analia kidogo, kidude kinaingia kwenye pipa, na wewe unaambiwa na shangazi yako kwamba watoto wa siku hizi hawatunzi vitu.

Mimi nakataa. Mtoto hana kosa hapo. Kosa ni la yeyote aliyeamua kwamba kichezeo lazima kifike mkononi kikiwa kimekwisha kufikiriwa, kimegundishwa na kufungwa. Na nakuandikia wewe, kijana mwenye mikono na muda, kwa sababu naamini tunaweza kutengeneza kilicho bora, na tukakiuza.

Hiki kidude kinachozunguka na kuruka si kitu kipya. Mwaka wa 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walionyesha kidude chao mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1796, Mwingereza George Cayley akaunda chake. Ukisikia alivyokiunda utacheka. Alichukua vizibo viwili, akachomeka manyoya manne ya ndege kwenye kila kizibo, akaweka upinde mdogo na uzi wa kuvizungusha. Basi.

Sasa hebu tulia hapo kwenye manyoya na kizibo. Nyoya likivunjika unachomeka lingine. Ukitaka pembe kali zaidi, unalizungusha nyoya ndani ya kizibo kidogo tu. Ukitaka refu, unamkimbia jogoo. Yaani kichezeo cha mwaka wa 1796 kinarekebishika kuliko kile ulichonunua juzi! Cayley mwenyewe aliendelea kuchunguza mambo ya kuruka, na leo ni mmoja wa wanaotajwa mwanzoni kabisa wanapozungumziwa waliotuletea ndege.

Kuna wengine unaowajua. Mwaka wa 1878 mchungaji mmoja wa Marekani, Milton Wright, alirudi nyumbani na kihelikopta cha kizibo, mianzi na karatasi kilichozungushwa kwa ruba. Muundo wake ulikuwa wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Wanawe wawili, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, walikichezea mpaka kikavunjika. Wakaunda vingine. Kisha wakaunda vikubwa, na hapo mambo yakaharibika, kwa sababu kila walipoongeza ukubwa kidude kiliruka vibaya zaidi. Walipokuwa watu wazima walieleza kwamba wakati ule hawakujua kuwa mashine yenye vipimo maradufu inataka nguvu mara nane. Desemba 17, 1903 ndugu hao wakaruka na ndege yenye injini.

Na kabla hujanitumia meseji, ni kweli hakuna kati yao aliyekwenda chuo kikuu. Mimi pia niliacha chuo, na nakuomba usitumie ndugu hao kama kisingizio kwa mamako. Kilichonivutia kwao ni kwamba kidude kilipokufa mikononi mwao, vipande vyake vilikuwa kizibo, mwanzi na karatasi, vitu ambavyo mtoto wa miaka 7 anaweza kuvipata na kuvikata. Kingekuwa cha plastiki iliyogundishwa, wangelia kidogo na kuendelea na maisha.

Sasa njoo mtaani. Vifaa viko hapo ulipo. Chukua patipati kuukuu, kata duara la upana wa sentimita 4. Hicho ndicho kitovu. Katikati pitisha kijiti cha mshikaki, ukate ile ncha kali kwanza. Mabawa kata kutoka pakiti ngumu ya maziwa, mawili yanayolingana, kila moja sentimita 10 kwa 2 na nusu. Kila bawa lipachike kwa selotepu kwenye kipande cha kijiti kingine cha mshikaki, uache sentimita moja na nusu ikichungulia, na hiyo ndiyo unayoichomeka ubavuni mwa patipati. Raba inakibana. Kwa usalama funga uzi kutoka bawa moja hadi la pili ukipita juu ya kitovu, na uyavute kwa mkono kabla ya kurusha. Likichomoka mkononi, litachomoka hewani.

Unaweka kijiti kati ya viganja, unasukuma kiganja cha kulia mbele, unaachilia. Kama ukingo wa bawa unaotangulia uko juu kidogo kuliko wa nyuma, kinapanda. Ukikosea upande kinakuja kukubusu vidole vya miguu. Anayetumia mkono wa kushoto anayageuza tu mabawa, dakika moja. Mtoto wa mkono wa kushoto anayenunua kile kilichogundishwa atafanya nini?

Hapo ndipo raha inapoanzia, kwa sababu una vitu vinne vya kucheza navyo na kila kimoja kina tabia yake.

Pembe. Bawa likilala sana, kidude kinazunguka muda mrefu lakini hakina haraka ya kwenda popote. Likisimama sana, kinaruka kama kimetukanwa, halafu hewa inakikaba na mzunguko unakufa. Anza na nyuzi 15 au 20 kwa kile kipima pembe cha kwenye seti ya hesabu ambacho hujawahi kukitumia tangu mtihani.

Urefu. Bawa refu linashika hewa nyingi, ila ni zito kuzungusha. Kata pea tatu, sentimita 8, 10 na 12, na ubadilishe.

Uzito. Huu ndio niupendao mimi. Zungushia selotepu mara kadhaa kwenye ncha za mabawa. Utadhani unakifanya kizito kisiruke, kumbe uzito ulio mbali na kitovu unautunza mzunguko. Gramu ile ile ukiisogeza mara mbili mbali zaidi, ukaidi wake wa kutosimama unakuwa mara nne. Lakini ukizidisha, viganja vyako vinashindwa kukianzisha. Kuna mahali katikati, na hakuna mtu anayeweza kukuambia ni wapi kwa kidude chako. Lazima utafute.

Kijiti. Chembamba kinakupa mizunguko mingi kwa msukumo mmoja wa kiganja. Ukikipunguza unene nusu, mizunguko inakuwa maradufu, ila kinateleza. Basi ongeza selotepu kidogo, ujaribu tena.

Mpwa wangu wa Gredi ya 5 alipewa kitovu kimoja na mabawa sita. Nilimwekea sheria moja tu, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, na aandike. Alihesabu sekunde kwa mdomo, akachora jedwali nyuma ya daftari la Kiswahili (samahani, mwalimu). Kufikia jioni alikuwa ananibishia. Nilikuwa nimemwambia mabawa marefu ndiyo yatashinda. Akaniambia, "Anko, marefu yanashinda ukiweka pembe ndogo. Ukiweka kubwa, yale mafupi yanashinda. Angalia." Nikaangalia. Jedwali lilikuwa upande wake. Chuoni nilikaa mihula mitatu bila kupata nafasi ya kumwonyesha mhadhiri jedwali linalompinga.

Hicho ndicho ninachokitetea hapa. Sote tunajua kazi za nyumbani za CBC zinavyokwenda. Mtoto anaambiwa atengeneze kitu, mzazi anakimbia saiba usiku, kitu kinatengenezwa na mtu mzima, mtoto anakibeba asubuhi kama mjumbe. Kichezeo chenye sehemu za kubadilisha hakiwezi kufanywa hivyo. Mzazi anaweza kukikata, sawa, lakini hawezi kuijua pembe bora kwa niaba ya mtoto, kwa sababu pembe bora inategemea mikono ya anayerusha.

Najua utaniambia sehemu zitapotea. Zitapotea, ndiyo. Ndiyo maana bawa linafaa liuzwe peke yake, pea shilingi kumi, kama karata za simu zamani. Kuna msee aliniambia hiyo ni biashara ya kijinga, kwamba mteja mzuri ni yule ambaye kidude chake kimevunjika akarudi kununua kingine kizima. Mimi naona ametazama wiki moja tu mbele. Mtu ambaye kidude kimemvunjikia mara mbili hanunui cha tatu. Mtu ambaye ana kitovu nyumbani atanunua mabawa ya kila aina utakayobuni, na mwanawe atawaleta wenzake.

Ila kuna sharti moja gumu, nalo ni vipimo. Sehemu za kubadilishana hazina maana kama shimo langu halimeki kijiti chako. Jua kali yetu inaumizwa sana na hilo, kila fundi ana futi yake kichwani. Lakini tumewahi kuliweza. Lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, lililoanza kuuzwa Kenya mapema miaka ya 1980, bati hukatwa na fundi mmoja na udongo hufinyangwa na mwingine, mara nyingi mahali tofauti kabisa. Udongo ukipasuka, nyanya yako hanunui jiko jipya, ananunua udongo. Hakuna aliyeliita ubunifu wa hali ya juu, na bado limepikia nchi nzima ugali.

Halafu suala la macho, ambalo sitaki upite juu yake. Mwaka wa 2000 huko Marekani vidoli vilivyoitwa Sky Dancers, vile vinavyovutwa kamba vikaruka vikizunguka kwa mabawa, viliondolewa sokoni. Milioni 8.9. Kulikuwa na ripoti 170 za kugonga watu, na 150 kati yake za majeraha, macho yakiwemo. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba havikutabirika vinaelekea wapi. Sasa wewe unataka kumpa mtoto uhuru wa kubadilisha pembe, maana yake unampa pia uhuru wa kukifanya kiwe kichaa. Basi ubunifu wako lazima uanzie hapo. Ncha za mabawa ziwe za mviringo. Bawa liwe laini kiasi cha kukunjika likigonga shavu. Kitu kizito kama sarafu au nati kisiwekwe kwenye ncha hata kama kinafanya kazi vizuri, na kinafanya, nimejaribu nikiwa peke yangu uwanjani. Kurusha ni nje, uso mbali, na kitoto kinachoweka kila kitu mdomoni kisipewe kabisa. Kama mabawa yako hayawezi kupita mtihani huo, usiyauze.

Utauliza pia kuhusu kuibiwa wazo. Kidude chenyewe ni cha kale, hakuna atakayekumilikisha. Lakini ukibuni namna mpya ya kulibana bawa kwenye kitovu, KIPI, ile taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, ina hataza ya miaka 20, na ina cheti kingine cha maboresho madogo cha miaka 10. Soma kuhusu hicho cha pili, ndicho cha watu wa saizi yetu. Kisha fanya jambo ambalo wakili hatakushauri. Linda jina lako na kibanio chako, lakini vipimo vya shimo uviache wazi, mtu yeyote avitumie. Ukivificha utakuwa umejenga kidude kingine cha peke yake, na siku ukifunga duka vitovu vyote mtaani vinakuwa takataka.

Vyangu ni hivi. Kitovu sentimita 4. Kijiti cha bawa unene wa milimita 3, yaani mshikaki wa kawaida wa dukani. Kina cha shimo sentimita moja na nusu. Ukikata mabawa yako kwa vipimo hivyo yataingia kwenye patipati ya mpwa wangu bila shida, na anakungoja, kwa sababu anasema ya manne kwa pamoja hajayajaribu.