Sista, Umenawa? Uliza Tu

Wasee, leo sina vichekesho.

Mathe huenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Figo zake zilichoka nikiwa mwaka wa pili chuoni, na ilibidi kuwe na mtu wa kumpeleka na kumrudisha. Nikaacha masomo. Ana mrija ulioingizwa kwenye mshipa wa shingo, ncha yake imefika karibu kabisa na moyo, na huku nje kifuani zimebaki ncha mbili zenye vifuniko. Mdudu akipitia hapo, hana ngozi ya kumzuia. Anaingia kwa damu moja kwa moja.

Mwaka jana nilimwona muuguzi akipokea simu akiwa na glavu, akairudisha mfukoni, kisha akashika mrija na glavu zile zile. Nikafungua mdomo. Mathe akanifinya mkono: "Nyamaza. Hawa ndio wananitibu." Nikanyamaza. Siku chache baadaye, katikati ya dayalisisi, alianza kutetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Bakteria kwa damu. Mrija ukatolewa, akalazwa wiki mbili, tukachangisha pesa kwa WhatsApp hadi kwa watu tusiowajua. Siwezi kuapa kwamba ni ile simu. Lakini ningeuliza siku hiyo, leo ningekuwa nalala vizuri.

Kwa hivyo msiniambie kuuliza ni kukosa adabu. Hii adabu yetu ya kuinamisha kichwa kila tukiona koti jeupe inatuzika.

Jimbo la Michigan, Marekani, wodi za wagonjwa mahututi zaidi ya 100 ziliamua kufuata mambo matano kila mrija unapowekwa: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa vizuri, kupaka ngozi dawa ya klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja, na kutoa mrija usiohitajika tena. Matokeo yalichapishwa 2006. Maambukizi yalishuka kwa hadi asilimia 66. Hakukuwa na dawa mpya hapo. Kulikuwa na sabuni, na daktari akiruka hatua, alisimamishwa. Soma hiyo tena: daktari alisimamishwa.

Huku kwetu ukiuliza unaambiwa, "Kwani wewe umesomea wapi?" Mimi niliambiwa hivyo, na kwa sababu sikumaliza chuo iliniuma kweli. Lakini Uingereza, hospitali kama St Mark's ya London hufundisha wagonjwa ambao matumbo yao hayafanyi kazi wajiunganishe wenyewe nyumbani, usiku, na mfuko wa chakula kinachopitia mrija wa aina hii. Sukari na mafuta, kitu ambacho bakteria wanapenda sana. Hao hawakusomea udaktari. Walifundishwa kunawa na kusugua, wakapimwa mpaka wakajua. Basi mimi nashindwaje kujua glavu chafu nikiiona?

Najua wauguzi wetu wamechoka, mmoja anahudumia mashine nyingi, na siwachukii. Sinki ikikosa maji, kelele tuwapigie wakubwa wa hospitali, si yeye.

Lakini angalia. Amenawa? Glavu ni mpya? Nyinyi wawili mmevaa barakoa kabla mrija haujafunguliwa? Amesugua ncha na dawa na kuiacha ikauke? Ukiwa nyumbani, bandeji ikilowa au ikibanduka, usingoje siku ya kwenda kusafishwa. Na tafadhali, homa ya mtu mwenye mrija usiipeleke kwa chemisti ukanunua dawa ya malaria. Rudi hospitali usiku huo huo, hata kama nauli ni ya kukopa.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimejiandaa kuuliza kama kawaida. Mathe akanitangulia, sauti ya chini kabisa: "Sista, samahani, umenawa?" Sista akamwangalia, akacheka kidogo, akageuka kwenda kwa sinki.