Bunduki Zimenyamaza, Ankara Bado

Hadi mwaka 2020, serikali ya Marekani ilikuwa ikimlipa bibi mmoja dola 73.13 kila mwezi. Ilikuwa pensheni ya baba yake, aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865 na kumzaa binti huyo uzeeni.

Huikumbuka pensheni hiyo kila nisikiapo kiongozi akitaja gharama ya vita kana kwamba anataja bei ya gari. Mwaka 2002 Lawrence Lindsey, mshauri wa uchumi wa Rais George W. Bush, alikadiria kuwa kuivamia Iraq kungegharimu dola bilioni 100 hadi 200. Wenzake serikalini wakaona amezidisha, na Desemba akaondoka kazini. Mwaka 2008 Joseph Stiglitz na Linda Bilmes wakatoa kitabu chenye makadirio ya trilioni tatu. Wao walijumlisha na riba za mikopo, matibabu, na fidia za askari waliorudi bila miguu au bila usingizi.

Kombora hulipiwa mara moja, lakini mguu uliokatika hulipiwa maisha mazima. Fidia kwa majeruhi wa Kimarekani wa Vita Kuu ya Kwanza zilifika kilele mwaka 1969, nusu karne baada ya mizinga kunyamaza. Sasa mfikirie askari kijana wa Kimarekani aliyeondoka Kabul Agosti 2021 akiwa na miaka 25. Huyo hata mvi hajaota.

Isitoshe, vita vya Iraq na Afghanistan vilipiganwa kwa mkopo, huku Bush akipunguza kodi mwaka 2001 na 2003. Mpiga kura hakuguswa mfukoni, akanyamaza. Baada ya vita vya Kagera, Nyerere aliwaambia Watanzania wafunge mikanda miezi 18. Ilikaa kiunoni zaidi ya hapo (waliopanga foleni za sukari na sabuni hawahitaji kuelezwa), ila walijua wanalipia nini.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotaka kila vita vije na kodi yake, walau vile ambavyo taifa linavifuata ng'ambo. Aliyevamiwa nyumbani hana nafasi ya kupiga hesabu kwanza. Marekani yenyewe iliwahi kujaribu. Mwaka 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, Lyndon Johnson aliongeza asilimia 10 juu ya kodi ya mapato. Alikuwa ameichelewesha muda mrefu, akihofia kuwa Bunge lingemlazimisha achague kati ya vita na mipango yake ya kuwainua maskini.