Karte grafiki zinapanda bei: tusinunue jina, tununue kazi



Mwezi uliopita, ku kamati yetu ya sendika hapa Kolwezi, tulipokea ombi moja ambalo hatukulizoea. Kamaradi mmoja wa ekipi ya usiku aliomba mkopo wa dola 600 mu kesi yetu ya kusaidiana. Maombi ya minervali, ya lupitalo, ya kilio, ya malata ya nyumba, hayo tunayajua. Yeye aliandika: "Karte grafiki ya ordinateri ya mutoto." Wengine walicheka. Mmoja alisema wazi: "Dola mia sita juu ya kucheza mupira ku ekra? Na ule mwenye mutoto mugonjwa tutamuambia nini?"

Baba yule hakukasirika. Alijibu: "Bakamaradi, munisikilize. Mutoto wangu wa kwanza alipata diploma ya Leta, kazi hakuna. Alifungua chumba cha michezo mu parseli, makina tatu. Bakijana banalipa kwa saa. Ile franga ndiyo inalipia badogo yake masomo. Sasa michezo mipya haitembei, bateja banakimbia. Kwenu ni mchezo, kwetu ni kazi."

Tulinyamaza. Halafu tukafanya vile tunafanya wakati kampuni inatuletea karatasi ya hesabu: hatusaini, hatukatai, tunajifunza kwanza. Tulikaa jioni tatu na fundi wa ordinateri anayejua kazi yake. Haya tuliyoyaelewa tunayatoa hapa, juu tunajua kuna wazazi wengi, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambao mtoto amekwisha kuwaomba kitu hiki.

Bei haipangwi hapa

Karte grafiki ndiyo sehemu ya ordinateri inayochora picha. Iko na prosesa yake, memwari yake na vantilateri zake. Ordinateri ya kuandikia barua inaweza kuishi bila karte ya peke yake. Ile ya michezo mizito haiwezi. Makampuni yanayojulikana zaidi kwa kuzibuni ni matatu: NVIDIA, AMD na Intel. Chipu zenyewe za karte zao za sasa zinatengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC. Mlango ni mmoja, na mbele yake foleni ni ndefu.

Zamani mchezaji alikuwa mteja mkubwa wa NVIDIA. Leo hapana. Tuangalie hesabu yao ya mwaka uliofungwa Januari 2025. Waliuza kwa dola miliari 130 na zaidi. Katika hizo, karibu miliari 115 zilitoka ku vituo vikubwa vya ordinateri, vile vinavyoendesha akili bandia. Michezo ilileta kidogo kupita miliari 11. Kama ungekuwa wewe muuzaji, ungemtumikia nani kwanza?

Memwari nayo ni vilevile. Samsung, SK Hynix na Micron ndiyo wanatoa sehemu kubwa ya memwari ya dunia. Vituo vya akili bandia vinanunua kwa wingi na vinalipa vizuri, basi viwanda vimegeukia huko. Mwisho wa 2025, bei ya memwari ya DDR5 ilipanda kupita mara mbili kwa miezi michache. Mu Desemba, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la kuuzia watu wa kawaida. Na memwari haiko tu ile unayochomeka ku ordinateri: iko pia ndani ya karte grafiki. Kwa hiyo pigo linaanguka mara mbili.

Halafu kitu kinatoka China ao Dubai, kinashukia Dar es Salaam, kinavuka Zambia, kinafika Kasumbalesa. Kila mkono unaongeza chake, dwane nayo inachukua yake. Kijana anayesoma ku telefone "dola 349" amesoma bei ya Marekani, tena bila taksi. Bei ya avenue yetu ni nyingine.

Na sisi wenye shaba?

Mmoja wetu aliuliza: "Shaba ni yetu. Mbona karte inarudi ghali hivi?" Swali ni la haki. Shaba ya karte iko ku njia za umeme na ku mabomba yanayotoa joto. Etani inaunganisha vipande. Tantali, inayotoka mu koltani, inaingia mu vipande vidogo vya kutunza umeme. Kobalti inaenda zaidi ku betri. Vyote hivi nchi yetu iko navyo. Koltani ya Rubaya, mu Masisi, M23 waliikamata mwisho wa Aprili 2024.

Lakini ukipima metali yote iliyo ndani ya karte moja, bei yake ni ndogo. Franga inalala ku mwenye kubuni na ku mwenye kushika mlango. Serikali yetu ilionyesha kwamba imeelewa jambo hili: Februari 2025 ilisimamisha kutoa kobalti inje, na tangu Oktoba iko kota, tani 96 600 kwa mwaka 2026. Bei iliyokuwa karibu dola 10 kwa libra ilipita dola 20. Mwenye kushika mlango anapanga bei, iwe ni kobalti ao ni memwari. Ku bulteni zetu za mshahara, kupanda huko hatujakuona bado, na hilo tutaliongea ku meza nyingine. Leo tunasema hivi: kama mlango hatuushiki, tusiende kupigia bei yao makofi. Tununue kile kinachohitajika, basi.

Motere kubwa, kamba ndogo

Fundi alifungua makina zile tatu mbele yetu. Mbili zilikuwa za biro, za okazyo kutoka Bulaya. Alimantasio yao, ile kesi ya chuma inayogawa umeme ndani, ilikuwa ya wati 240, na haina hata waya mmoja wa kulisha karte grafiki. Karte ambayo kijana alitaka inavuta wati 180 peke yake. Hapo sisi watu wa mine hatukuhitaji kuelezewa zaidi. Huwezi kufunga motere kubwa ya pompi ku kamba ndogo. Siku ya kwanza itazunguka, siku ya pili utasikia harufu.

Tundu la karte mama linaweza kutoa wati 75, haliendi zaidi. Kwa makina za biro namna hii, karte zinazofaa ni zile ndogo zisizotaka waya wa pembeni, kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi. Tena upime urefu na upana wa sanduku mbele ya kulipa, juu makina nyingine za biro ni nyembamba na karte ya kawaida haiingii.

Makina ya tatu ilikuwa ya kuunganishwa na fundi, vipande vya kawaida. Hiyo inaweza kukua. Lakini hata yenyewe, ugonjwa haukuwa karte tu. Ilikuwa na kipande kimoja cha memwari cha giga 8. Vipande viwili vinavyofanana vinafanya kazi pamoja kama watu wawili wanaopokezana mzigo, kimoja kinachoka. Disko ilikuwa ya zamani, ile inayozunguka. SSD haiongezi uzuri wa picha, ila inapunguza kungoja, na mteja anayelipa kwa saa hapendi kungoja.

Kisha fundi aliuliza kijana: "Ekra zako ni za ukubwa gani?" Zote zilikuwa za 1080, zile za kawaida. Basi karte za kuchezea ku ekra za 4K za nini? RTX 5090 ilitangazwa Januari 2025 kwa dola 1 999 na inavuta wati 575. Karte tatu ndogo za wati 75 zinavuta 225 pamoja. Wakati kura inakatika na grupu inanguruma inje, tofauti hiyo unailipa kwa litre za petroli, kila jioni.

Jina moja, mizigo mbili

Hapa ndipo wazazi wanapigwa. RTX 5060 Ti ilitoka Aprili 2025 ikiwa na sura mbili: ya giga 8 kwa dola 379, na ya giga 16 kwa 429. RX 9060 XT ya AMD nayo ilitoka vile: giga 8 kwa dola 299, giga 16 kwa 349. Jina ku sanduku ni moja. Lakini mchezo mpya ukijaza zile giga 8, picha inaanza kukwama, hata kama chipu iko na nguvu. Usiulize tu "iko na 5060 Ti?" Uliza "ya giga ngapi?", na uandikishe jibu ku faktire.

Mambo mengine mawili. RTX 5060 na 5060 Ti zinatumia nusu tu ya njia za tundu la karte mama. Ku makina mpya haisumbui. Ku makina ya zamani, hasa kwa zile za giga 8, inapunguza mwendo. Na Intel Arc B580, iliyotangazwa kwa dola 249 na giga 12, ni bei nzuri, lakini inataka prosesa na karte mama za karibuni. Ukiiweka ku makina ya miaka kumi, itakusikitisha. Rahisi ya mtu mmoja ni hasara ya mwingine.

Okazyo: tuone kwanza inatembea

Wengi wetu tutanunua okazyo, tusidanganyane. Mu 2021 karte nyingi zilikuwa zinatumika usiku na mchana kwa kutafuta franga za intaneti. Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake, kazi hiyo ikaisha, na karte nyingi zikamwagika ku soko. Karte namna hiyo haiko lazima mbovu, lakini vantilateri zake zimechoka, na vumbi la kwetu la kiangazi linamaliza kilichobaki.

Ubaya zaidi ni karte za uongo: chipu ya zamani inaandikwa upya ndani ili ijiite GTX 1050 Ti. Wahasibu wa kamati yetu waliona moja kwa macho, ku muuzaji ambaye hatutamtaja. Sanduku jipya, plastiki mpya. Fundi alifungua programu ya bure inayoitwa GPU-Z, na neno la uongo likatokea mbele ya jina. Muuzaji akasema yeye pia walimdanganya. Labda ni kweli. Lakini kama tungekuwa tumelipa kwanza, hasara ingekuwa ya nani?

Kwa hiyo: karte ichomekwe mbele yako. GPU-Z ifunguliwe. Mchezo mzito utembee dakika 30. Angalia joto, sikiliza vantilateri, tazama kama picha inatoa mistari. Muuzaji anayekataa, muage kwa heshima, uende.

Tuliamua nini

Ku kikao cha pili tulibishana tena. Kamaradi aliyetaja mtoto mgonjwa alikuwa na haki, na tulimwambia hivyo. Kesi ni ya wote, na lupitalo itapita mbele siku zote. Lakini chumba kile kinalisha shule ya watoto watatu, na wao pia ni watoto wa mfanyakazi.

Tulitoa dola 360, hazikuwa 600. Makina ya tatu peke yake ilipata alimantasio ya kweli ya wati 550, kipande cha pili cha memwari, na RTX 3060 ya okazyo ya giga 12 iliyopimwa mbele ya watu wawili wa kamati. Makina za biro zilisafishwa vumbi, zikabaki na GTA V na michezo ya mupira ya miaka iliyopita, kwa bei ndogo ya saa. SSD itangoja. Baba atarudisha kwa miezi minane, kwa kukatwa ku mshahara, na karatasi ameisaini.

Kijana hakufurahi sana. Alisema: "Bapapa, ba rafiki yangu bako na mpya." Tulimjibu kwamba sisi pia tunaona makatapila mapya yanapita kila siku, na bado tunaenda kazini na bisi ya zamani. Alicheka kidogo. Wiki iliyopita baba yake alituambia kwamba makina ile moja inachukuliwa tangu saa nane mpaka usiku, na vijana wanapanga zamu.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni mu kitabu cha kesi. Anayeomba mkopo wa ordinateri alete mambo manne yaliyoandikwa: alimantasio ya wati ngapi, ekra gani, michezo gani ao kazi gani, na jina la fundi atakayepima mbele ya kulipa. Tumekwisha kupokea maombi mengine mawili. Moja mwenyewe aliliondoa baada ya kufungua sanduku na kusoma karatasi ya alimantasio yake.