MWALIMU WA NG'AMBO AJA KWETU: WETU ATAKWENDA LINI?



Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, shule za Marekani na Ulaya zikiisha kufungwa na zetu zikiwa katikati ya muhula wa pili, magari ya kukodi huonekana katika Kangundo Road yakielekea Kayole, Dandora na Korogocho. Ndani yake mna walimu wenzetu wa ng'ambo. Hawa si watalii wa simba na twiga, ingawa wengi wao hupitia Maasai Mara kabla ya kurudi kwao. Wasema wamekuja kujifunza namna wananchi wanavyojiletea maendeleo wenyewe, ili wakawafundishe watoto wa kwao. Safari hizo zina makampuni yake, zina matangazo yake, na zina bei yake.

Sisi wa Komarock twaishi katikati ya mambo haya. Nyumba zetu zilijengwa na Kenya Building Society zikauzwa kwa mkopo, na walimu wengi walionunua au kupanga hapa hufundisha katika mitaa jirani. Wapo pia wapishi wa shule, askari wa lango, madereva na makarani. Kwa hiyo jambo hili twalijua kwa upande wa jikoni, na kwa upande huo ndiko tutakakolisemea.

Kwanza tuseme wazi: hatuwachukii wageni. Mwalimu aliyeacha likizo yake akaja kuona Eastlands ni bora kuliko yule anayetuhukumu kwa kutazama picha. Tena yako mambo hapa ya kujifunza. Dandora ilianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, mtu akapewa msingi wa nyumba na bomba la maji, mengine akajijengea mwenyewe. Leo vijana wa Dandora hiyo hiyo, walioachiwa jaa la taka lililotangazwa kujaa tangu 2001 na ambalo bado hupokea malori, wamesafisha nyua za mitaa yao, wakapanda miti na kutia taa. Huko Mathare chama cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilifanya jambo ambalo wataalamu wa ulimwengu hawakuwa wamelifikiria: timu ya mpira hupata pointi kwa kufunga mabao, na hupata pointi kwa kusafisha mtaa. Asiyetoka na reki na toroli hupungukiwa katika ligi.

Basi ikiwa mambo haya yana thamani hata mtu apande ndege kuja kuyatazama, sisi twauliza swali la mfanyakazi. Ni nani aliyefundisha hapo, na ni nani aliyelipwa? Mtu anayejua ndiye mwalimu. Mtu aliyekuja kujua ndiye mwanafunzi, na mwanafunzi hulipa karo. Karo imelipwa, hilo halina shaka. Lakini imelipwa kwa kampuni iliyo ng'ambo, na kwa hoteli, na kwa mwenye gari. Kijana wa Dandora aliyesimama juani masaa matatu akieleza kazi yake hupewa fulana.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda shuleni. Katika shule moja isiyo mbali nasi wageni walikuja siku mbili. Vipindi vya hisabati na Kiingereza vikaachwa ili watoto wafanye mazoezi ya nyimbo za kuwakaribisha. Mpishi akapika chakula cha watu kumi na wanane zaidi kwa mshahara ule ule. Askari wa usiku akaambiwa abaki hadi adhuhuri. Wageni wakapewa brashi wapake rangi ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa umepakwa rangi na wageni wa mwaka uliotangulia. Mwalimu wa darasa akaketi nyuma ya darasa lake mwenyewe, akitazama mgeni asiyejua Kiswahili akiwafundisha watoto wake wimbo wa rangi za upinde wa mvua. Jioni picha zikapigwa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa huondoka siku ya pili, na jembe labaki mikononi mwetu.

Na huyo mgeni akirudi kwao hapotezi kitu. Katika majimbo mengi ya Marekani mwalimu hana budi kukusanya masaa ya masomo ili leseni yake iendelee, na safari kama hii yaweza kuhesabiwa katika masaa hayo. Zimekuwapo fedha za kumsaidia: sheria yao ya mwaka 1961, ile ya Fulbright-Hays, kwa miaka mingi iliwalipia walimu safari za masomo katika nchi za nje, Kenya ikiwamo. Hatuoni vibaya. Serikali inayompeleka mwalimu wake kuona dunia ni serikali yenye akili.

Lakini ya kwetu je? Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanzisha mafunzo ya kumwendeleza mwalimu kazini, mwalimu wa Kenya aliambiwa atoe mfukoni mwake shilingi 6,000 kwa mwaka, katika mpango uliokusudiwa kumfuata kwa miaka thelathini. Vyama vya walimu vikapinga, navyo vilikuwa na haki kupinga. Kisha tukawaona walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliogoma Mei 2024 baada ya mahakama ya kazi kusema mwezi wa Aprili kwamba mikataba yao haikuwa halali. Mwalimu yule alikuwa ameandikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, naye amesomea kazi yake sawasawa na mwingine yeyote. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja, kuja na kurudi, ingemlipa mwanagenzi huyo miezi kadhaa.

Mtu atasema: naye asafiri, nani amemzuia? Haya, tumsindikize. Mwalimu wa Marekani akitaka kuja Kenya hujaza fomu ya idhini iliyoanza Januari 2024, hulipa dola 30, hungoja siku chache, akaja. Mwalimu wa Komarock akitaka kwenda Marekani hulipa dola 185 za ombi la viza, husubiri siku ya kuitwa, husimama mbele ya dirisha na kuulizwa kama ana shamba, ana mke, ana fedha benki, yaani athibitishe kwamba atarudi. Akinyimwa, dola zake hazirudi. Hizo ni zaidi ya shilingi 23,000, zinazozidi mshahara wa mwezi mzima wa yule mwanagenzi, kwa ajili ya kuulizwa maswali tu. Kwa hiyo kinachoitwa kubadilishana mawazo baina ya walimu ni mlango unaofunguka upande mmoja.

Wapo wenzetu, hata ndani ya chama, wanaotuambia tunyamaze. Wasema wageni huleta vitabu, hununua tangi la maji, hulipia mtoto karo. Mkiwaudhi watakwenda kwingine. Maneno haya twayasikia, na tangi la maji si jambo dogo Eastlands, ambako mtu huamka saa tisa za usiku kukinga mfereji. Lakini shule inayopata maji kwa sababu watoto wake waliimba vizuri haitathubutu kumwambia mgeni lolote. Mwaka ujao itaimba tena. Maji ni kazi ya serikali ya kaunti na ya wizara, na kila tangi la mgeni huwapa wakubwa hao sababu ya kulala. Twafahamu kwamba kiu haingoji kaunti. Basi tangi lipokewe, lakini lipokewe na kamati ya wazazi na walimu, liandikwe katika daftari, wala lisifungwe pamoja na haki ya kuingia darasani na kamera.

Juu ya kamera hatutasema mengi, maana sheria imekwisha sema. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya mzazi kwa picha ya mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa hiyo. Wakuu wa shule wanaofikiri mgeni hahusiki na sheria ya nchi wakumbuke faini hiyo.

Tena wasituambie kwamba safari ya mwalimu yenye faida kwa wananchi ni uvumbuzi wa makampuni ya leo. Mwaka 1927 kijana wa Kiambu, Mbiyu Koinange, alikwenda Marekani. Akasoma Hampton, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kisha Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Aliporudi mwaka 1938 aliwakuta watu wa shule za kujitegemea, zilizojitenga na misheni, wakiwa na watoto wengi na walimu haba. Mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Hakikujengwa na mfadhili. Wananchi walichanga rika kwa rika, kila rika likitaka kulipita jingine kwa mchango wake, na wanawake wakachanga nao. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, na katika Hali ya Hatari mahali pale palipofundishiwa walimu pakageuzwa kuwa pa kunyongea watu. Mtu anaweza kupima mwenyewe uzito wa safari ile kwa kutazama jinsi wakoloni walivyoiogopa.

Tofauti iko wapi? Mbiyu aliondoka akarudi. Elimu aliyoileta iliingia mikononi mwa watu wenye shida yao na mpango wao, wakaitumia walivyotaka. Watanzania nao walifanya hivyo walipotazama vyuo vya watu wazima vya Sweden, ambako mkulima na mfanyakazi huingia bila kuulizwa cheti. Kuanzia mwaka 1975 walivifungua vya kwao, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na hadi leo viko zaidi ya hamsini, wasichana waliokatizwa masomo wakisoma humo ushonaji, useremala na kilimo.

Hata wageni wanaokuja kwetu wanaweza kuja kwa njia iliyo sawa. Chama cha walimu wa Kanada kilianza mwaka 1962, huko Nigeria, kupeleka walimu wake wakati wa likizo kufanya kazi pamoja na walimu wenyeji, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, Uganda ikiwamo. Mwenye kualika ni chama cha walimu cha nchi ile. Mwenye kusema ni somo gani lifanyiwe kazi ni chama hicho. Mgeni hawekwi mbele ya watoto kama sanamu. Hukaa na walimu wenzake chumba kimoja, wote wakiwa na daftari. Twaona huo ndio mfano wa kuufuata, maana chama hukutana na chama, wala si kampuni kukutana na mwalimu mkuu peke yake ofisini.

Wala hatuombi sadaka. Tarehe 5 Oktoba 1966 huko Paris, mataifa yalipitisha mapendekezo ya ILO na UNESCO juu ya hali ya walimu, na ndiyo maana tarehe hiyo ni siku ya walimu duniani. Humo imeandikwa kwamba wakuu wa serikali watambue faida ya walimu kusafiri na kubadilishana nchi kwa nchi, wapanue nafasi hizo, wasibague, na mwalimu aliyekwenda nje kazi yake na cheo chake vilindwe hadi arudi. Karatasi hiyo sasa ina zaidi ya miaka 59. Ni walimu wangapi wa Kayole waliowahi kuisikia?

Chama chetu, basi, kiwaendee Tume na Wizara na jambo hili mkononi, kama kinavyowaendea kwa mishahara. Kila kikundi cha walimu wa ng'ambo kinachotaka kuingia shule ya serikali kipitie kwa chama, kieleze kimelipa nini na kwa nani, na sehemu ya fedha hizo iwekwe katika mfuko wa kuwasafirisha walimu wa shule ile ile. Mpishi na askari walipwe saa zao za ziada kabla mgeni hajapanda gari. Kijana anayeongoza ziara ya mtaa wake apewe ujira wa mwalimu. Na hatuna haja ya kuanza na Marekani. Tangu mwaka 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Basi la usiku humfikisha mwalimu wa Komarock Kampala asubuhi, na Arusha ni karibu zaidi. Wenzetu wa UNATU na wa Chama cha Walimu Tanzania wana madarasa yenye watoto mia, kama sisi, na huenda wamegundua dawa ambayo sisi hatujaijua. Wiki mbili kwao, wiki mbili kwetu, mgeni alale nyumbani kwa mwenyeji wake. Gharama yake ni ndogo hata tawi laweza kuanza na walimu wawili.

Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano ujao wa tawi. Kabla ya hapo kila mwanachama aliye katika shule inayopokea wageni aandike katika karatasi walikuja lini, kampuni gani iliwaleta, vipindi vingapi vilipotea, nani alipika, nani alikesha, na nani kati yao alilipwa. Karatasi apewe mwandishi wa tawi. Asiyetaka jina lake lijulikane asiliandike.